Kigelegele Nilichopiga Kabla ya Wakati

Neema, mjukuu wa Koko,

Daktari wa huko Kigali amekukataza kusema mpaka koo lipone, kwa hiyo simu haina kazi. Shangazi yako anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kunirekebisha.

Sina raha tangu walipokupasua. Hapa soko la Kamembe nikiita wanunuzi, sauti yangu mwenyewe inanitia woga. Ulikaa kando ya beseni langu la sambaza, hao samaki wadogo wa ziwani, ungali mdogo, ukiita nami: "Sambaza, maman, sambaza ya leo!" Nami nikikwambia, "Ongeza, kule kwa wauza viazi hawasikii." Sasa najiuliza kama ni mimi niliyeanza kulichana hilo koo. Usinijibu. Umekatazwa.

Nakumbuka ile Jumapili, hoteli ya kando ya ziwa. Nilikuja kuona huko kuimba jazi kwako ni kazi gani. Nilikukuta umefika kabla viti havijapangwa, unajaribu mikro ya kuimbia, unawasalimu wafunga nyaya mmoja mmoja. Nikakupa brosheti ya nyama, ukakataa: "Koko, nikisha kuimba." Ukanywa maji ya moto tu. Ulisema saa kumi, na saa kumi ukafungua mdomo, nusu ya viti vitupu, ukaimba kana kwamba pamejaa. Gauni lilikuwa fupi, hilo bado nasema.

Halafu katikati ya wimbo ukanyamaza. Piano nayo kimya. Ukafumba macho. Nikasema moyoni: mtoto amesahau maneno. Kanisani kwetu mwimbaji akikwama, sisi wamama tunamfunika kwa vigelegele mpaka akumbuke. Nikasimama, nikapiga kimoja kwa nguvu zangu zote. Watu wote wakageuka.

Mwingine angenikasirikia. Wewe hukutikisika. Ulikipokea kigelegele changu palepale kilipoishia, kwa sauti ileile, ukakishusha taratibu mpaka kikawa wimbo, na mpiga piano akakufuata akicheka. Mzee mmoja kando yangu akauliza, "Maman, mulifanya repetisio pamoja?" Nikamwambia ndiyo, tulifanya mazoezi. Mungu anisamehe.

Njiani ukaniambia: "Koko, sikusahau. Nilinyamaza kwa kupenda. Hata pale nilikuwa naimba."

Sasa umenyamaza tena, na safari hii si kwa kupenda. Kila siku mikono inaniwasha nikupigie, nikusikie hata ukikohoa. Shangazi yako ananificha simu. Naogopa kwamba siku utakapofungua mdomo itatoka sauti nisiyoijua. Ikiwa hivyo, njoo nayo. Hata iwe ya chura, nitaijua baada ya siku mbili.

Wakikuruhusu, usiniimbie. Niite tu "Koko", mara moja, polepole. Mimi nimekaa kitini, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Sitasimama kupiga kigelegele mpaka uanze mwenyewe.

Ni mimi,
Koko wako wa sambaza