Mara Saba Nilizozihesabu

Ustadh,

Wiki ya tatu inaisha tangu bintiyo aniletee ujumbe wa sauti kwamba umefariki. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na jambo la kumaliza kwanza, na jambo lenyewe linakuhusu.

Magazeti ya kwenu na ya hapa Dubai yameandika maisha yako. Yamesema ulikuwa mtoto wa fundi wa vyerehani, kwamba ulianza kuimba redioni kabla hujaota ndevu, kwamba kwa miaka thelathini waigizaji walifumbua midomo kwenye sinema na sauti iliyosikika ilikuwa yako. Yote sahihi, nimeyahakiki. Halafu kila gazeti, karibu na mwisho, lina sentensi moja: kwamba uzeeni kumbukumbu ilikutoka, hata ukasahau maneno jukwaani Dubai.

Sentensi hiyo ilitoka kwangu.

Unalikumbuka tamasha lile la Al Jaddaf. Gazeti langu lilinituma kwa kuwa mwandishi mwenzangu wa sanaa alikuwa likizo. Mimi ni mtu wa mahakama na ajali. Nilikujua kama wengi wetu Mombasa tulivyokujua: mama yangu alipika huku akiimba nyimbo zako za sinema, na Kihindi hakujua hata neno moja. Ghazali, yale mashairi ya mapenzi yanayoimbwa taratibu, sikuwahi kuisikia.

Ukaimba mstari mmoja, ukaurudia. Ukaurudia tena. Mlinzi wa mlangoni, Wekesa, mtu wa Bungoma, akaniinamia: "Boss, huyu mzee amekwama ama?" Watu wakaanza kukuitikia, ukumbi mzima ukalitamka neno la mwisho pamoja nawe. Kwetu, msomaji wa Kurani akisahau aya, walio nyuma humkumbusha aendelee. Nikaamini ndicho nilichokiona. Nikaandika kwamba ulikwama mara saba na wasikilizaji wakakuokoa. Nilitumia maneno ya upole, nikadhani upole unatosha.

Ulipiga simu chumba cha habari mwenyewe. Nilitegemea matusi. Ukauliza, kwa Kiingereza chako cha redio: "Ni wewe uliyehesabu?" Nikasema ndiyo. "Ulipata ngapi?" Saba. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Zilikuwa kumi na moja, mwanangu. Nne zimekupita. Njoo Jumapili asubuhi. Daftari liache."

Daftari nilikuja nalo.

Ulifikia kwa jamaa zako mtaa wa Satwa, juu ya gereji. Uliniketisha zuliani, ukavuta kinanda, ukaniambia mstari wa kwanza wa ghazali ni mlango. "Nikiufungua upesi, mgeni hatajua kwamba alikuwa nje." Wasikilizaji hawakuwa wakikukumbusha. Walijua neno linalokuja, nawe ulilizuia mpaka wakalitaka wenyewe.

Kisha ukaimba mstari mmoja ulionitafsiria kwanza, wa mtu aliyeahidi kurudi mvua ikikatika. Mara ya kwanza uliuimba kama anayeamini. Ya pili, kama anayejicheka kwa kuamini. Ya nne alikuwa mwanamke anayeongea na mlango. Maneno yaleyale, Ustadh, hukubadili hata moja. Chini walikuwa wakigonga bati la gari muda wote, nawe ukazichukua zile nyundo ukapita katikati yake. Kufikia ya tisa nilikuwa sijaandika kitu. Nimesimama mbele ya maiti za ajali na kalamu yangu ikaenda. Asubuhi ile ilisimama.

Nilipokuuliza sinema ilikufunza nini, ulisema kabla ya kurekodi uliuliza jambo moja tu: mwigizaji ataimba akitembea au amekaa? Ili ujue atavuta pumzi wapi. "Miaka thelathini nimepumua kwa vifua vya watu. Ghazali ndiyo iliyonirudishia changu."

Nilimwendea mhariri na sahihisho. "Tunasahihisha majina na tarehe," akasema. "Masikio hatusahihishi. Yalla, nenda, kesi inaanza saa nne." Nikaenda kwenye kesi. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kwa sababu safari hii nilikuwa najua. Uwanja wa ndege, siku unaondoka, uliniuliza kama limetoka. Nikasema inshallah wiki hii. Ukanigusa bega. Hukuniuliza tena, si kwa simu, si kwa salamu za Idi.

Baada ya mazishi bintiyo aliniandikia: "Baba hakusahau neno hata moja maisha yake yote. Nani kaanzisha haya?" Nikamjibu: ni mimi.

Jibu lake lilifika siku ya pili. "Basi yaondoe," akasema.

Jana sahihisho limetoka, ukurasa wa pili, kwa jina langu. Safari hii sikumwomba mhariri, nilimwambia ama lichapwe ama anitafutie mtu mwingine wa mahakama. Nimeeleza ghazali huimbwaje, nilichokidhania na kilichokuwa kweli. Wekesa amenitumia ujumbe: "Kwa hivyo mimi ndiye nilikuharibia, kaka?" Nimemwambia hapana. Yeye aliuliza, mimi nililipwa kwa kujua.

Nimeyaandikia pia magazeti mengine yote yaliyoninukuu. Mawili yamebadilisha, moja limekataa, mengine kimya. Sitakuahidi machozi, unajua siyo kazi yangu. Nakuahidi barua kila Jumatatu, kwa kila mhariri, mpaka atakayetafuta maisha yako amkute mtu aliyeshika ukumbi mzima kwa mstari mmoja, akijua fika mstari huo unakokwenda.

Na huyo mhariri aliyekataa nitampigia simu. Nina sauti mbaya, lakini naye atanisikiliza.

Pumzika, Ustadh.

Mwanafunzi wako wa asubuhi moja