Msumari Kwenye Fyuzi

Mjukuu wangu Nyangeta,

Musoma hatujambo, na mama yako amerudi salama kutoka Mugeta. Cheka tu kuitwa mjukuu na msichana kama mimi. Ukoo ndio umenipa ubibi.

Unauliza kama fundi awawekee hapo hosteli breka kubwa zaidi, maana hii iliyopo inashuka na kukata umeme kila mkichomeka hita mbili za maji ya kuoga. Pole, najua baridi ya Njombe.

Tulipomuaga dada kabla ya harusi, hapa Makoko, tulichomeka friji, pasi na spika pamoja. Fyuzi ikaungua.

“Wageni wametoka Kiriba, mnataka wakae kama wako msibani?” baba mkubwa alifoka, akapachika msumari mahali pa fyuzi. Muziki ukarudi, tukapiga vigelegele.

Baadaye mama akasikia harufu ya plastiki. Nyaya zilikuwa zikiyeyuka ukutani, juu ya kitanda cha mdogo wangu mchanga. Alimnyakua mtoto, baba mkubwa akakimbilia swichi kuu. Kisha akaomba ambebe mtoto, akakaa naye mpaka wageni wakaondoka.

Fyuzi ilikuwa imekatika ili nyaya zisizidiwe. Hata breka kubwa itaruhusu umeme mwingi zaidi kwenye nyaya zilezile nyembamba.

Chomekeni hita moja, mpishane kuoga. Nivumilie, Nyangeta, heri uchelewe darasani kuliko nyaya ziwake mkiwa mmelala.

Bibi yako,
Wegesa