Mkahawa wa Ramlo Sikai Tena

Bulla Iftin, Garissa
Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwako dada yangu Ciku,

Assalaam aleikum, na salamu za kikwenu juu yake. Hujambo? Mama amepona mguu? Baridi ya Kerugoya mnaiwezaje? Hapa kwetu jua ni lile lile, mbuzi wanagombea kivuli cha ukuta wa shule, na darasa lako la nne sasa liko la tano. Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi. Utulivu ndio sina. Ningekupigia, lakini kila nikibonyeza namba yako nakata kabla haijaita. Tena kuna kitu cha kukutumia ambacho simu haibebi. Bahasha hii itapanda basi la kesho asubuhi.

Ciku, mwaka huu nimekuwa kama ngamia aliyekata kamba. Unakumbuka tulivyokuwa: miaka minne, tukitoka shule tunaingia kwa Ramlo, benchi lile lile nyuma ya pazia, kahawa ya tangawizi mpaka koo linawaka. Sasa situlii mkahawa wowote. Nilianza Soko Ng'ombe. Huko wanakunywa haraka, wengine wima, na wazee wa fimbo wanaingia na vumbi na kuondoka nalo. Hawaulizi wewe ni nani. Wanauliza mvua imenyesha wapi. Umetoka Diff? Umetoka Banissa? Nyasi ipo? Sikuwa na habari ya nyasi, nikaondoka.

Nikahamia mjini, karibu na maofisi. Pale kuna mashine inayokoroma, vikombe vyenye povu, na vijana wa mashirika wanaorudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley na kompyuta zao. Kila mtu ameinamia simu. Hilo lilinifaa wiki moja, kisha ukimya wao ukaanza kunisema. Bulla Punda nilidumu siku tatu tu. Huko mkahawa ni wa majirani, na mwenyewe, Bishara, aliuliza mbele ya watu mbona mwalimu wa Iftin anavuka mji mzima kufuata kikombe. Sikurudi.

Jumatano iliyopita nikanaswa. Mwalimu mgeni, Gacheri, binti wa Meru aliyeletwa mwezi wa tano, aliniomba nimwonyeshe mahali mwanamke anaweza kunywa kahawa bila kukodolewa macho. Iftin yote ina mahali pamoja pa namna hiyo, nawe unapajua. Ramlo alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Akamkaribisha Gacheri, akamimina, kisha akamwambia kwa Kiswahili chake, bila ubaya, kama mama anayemwonya mwanawe: “Wewe usizoee sisi sana. Mwalimu Ciku tulimbenda. Sisi iliandika barua mzima, akae. Yeye ikaenda Kenya, huko kwenu, hata kwaheri hakuna.”

Gacheri alicheka kicheko cha adabu, akakiweka kikombe chini. Niliona uso wake ukianza kufunga mizigo.

Hukupata kusikia habari ya barua hiyo, Ciku, na sababu ni mimi. Ofisi ilipotaka kuwahamisha walimu wasio wenyeji, na mkuu akatuambia atakayeombewa na wazazi anaweza kubaki, uliniuliza kila asubuhi kama wazazi wamesema lolote. Nilikujibu hawajasema. Ulilia mbele yangu, ukasema kumbe miaka minne yote ulikuwa mpita njia, ukaondoka kwa uchungu bila kumuaga Ramlo. Siku hiyo barua ilikuwa na wiki nzima ndani ya mkoba wangu. Walinipa niifikishe kwa sababu mimi ni rafiki yako. Nafasi ya naibu ilikuwa wazi, na wote tulijua kwamba ukibaki ni yako. Niliitaka. Niliipata. Ramlo aliponiuliza, nilimwambia ofisi imekubali ila wewe mwenyewe umekataa.

Nilisema yote pale pale, kwa Kisomali ili wanawake waliokuwa mkahawani wasikie, kisha kwa Kiswahili ili Gacheri asikie. Hakuna aliyenitukana. Ramlo alichukua kikombe changu kikiwa kimejaa, akakimwaga mlangoni, akasema nirudi siku nitakapokuwa nimekwambia wewe. Gacheri alibaki nao. Nilitoka peke yangu.

Alhamisi nilimpelekea mkuu barua ya kuacha unaibu, na nikamweleza kwa nini. Hajaamua atanifanya nini. Alisema nafasi itatangazwa upya, lakini hawezi kukuahidi kitu. Nami sikumwambia kama utaitaka au hutaitaka. Nimekwisha kukusemea vya kutosha.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yao. Imechanika pembeni kwa kukaa mkobani. Ina majina thelathini na moja, na wasiojua kuandika wametia dole gumba. Dole la kwanza ni la mamake Abdimalik, yule uliyedhani hakupendi.

Nisalimie mama na wote wa nyumbani. Mungu awape afya na mvua ya kutosha. Sikuombi unijibu, wala sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukipata nguvu, mpigie Ramlo. Namba yake nimeiandika nyuma ya barua yao. Mwambie imekufika.

Ni mimi, niliyejiita rafiki yako,
Fosia Keinan