Vitamu kwa Dada Asiyekula

Alhamisi, 6 Machi

Dada hajala tena. Nimepika wali, kautazama kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili. Nimeleta uji, kageukia ukuta. Tangu tumzike shemeji nikamleta hapa kwangu, ni chai tu — na hiyo anainywa kwa kujificha, mtandio umempanda mpaka puani. Ukimsemesha anaitikia kwa kichwa. Mwanamke aliyekuwa akiongea hata usingizini!

Huzuni, wanasema. Sawa. Mimi nilimzika wangu, nikalia huku natafuna paja la kuku. Kila mtu na tumbo lake.

Jioni kaja binti yangu, muuguzi. Akamminya mama yake mkubwa mkono kama anachagua nyanya sokoni. Akanivuta pembeni: kama Jumatatu itafika hajala, anampeleka hospitali, atalishwa kwa mpira wa puani. Dada masikio yake hayajazeeka. Alinishika nguo kwa nyuma, akaing'ang'ania. Ni hospitali ile ile aliyofia mumewe.

Nikasema hapelekwi mtu. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu sikuwa na uhakika.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemchokoza makusudi. Nikamwambia marehemu alikuwa akikoroma kama mashine ya kusaga, sasa hata panya wa nyumba ile wanalala. Hakunitukana. Basi hali ni mbaya.

Mjukuu wangu, tunayemwita Kasuku kwa kuwa mdomo haufungi (ndiye aliyenifundisha herufi, ndiyo maana naandika kama kuku anayeparua), anasema kwenye simu yake kuna mapishi ya vitamu. Vya kuoka nyumbani. Rahisi kabisa, anasema.

Dada hajawahi kukataa kitamu. Utotoni aliiba mpaka dawa ya kikohozi, mama akampiga, akalamba na kijiko. Kesho tunaoka mpaka akome.

Jumamosi, 8 Machi

Rahisi! Rahisi kwa nani? Yule mwanamke wa kwenye simu ana mashine ya kukoroga, ana oveni yenye taa ndani, ana kucha ndefu kama vijiko. Yule hajawahi kupuliza makaa. Oveni yangu mimi ni sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Ukikohoa, jivu linaingia.

Kasuku anasoma, mimi natenda. Akasoma gramu. Nikamwambia gramu hazijawahi kuingia jikoni humu, kuna kikombe kilichovunjika mkono na ndicho tunachokitii. Siagi, sukari, unga, finyanga, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi. Biskuti za kwanza zilitoka nyeusi. Kasuku akashauri tuwauzie wajenga barabara. Za pili zilipendeza, rangi ya dhahabu — lakini ngumu! Nimegonga moja mezani, meza ndiyo iliyolia.

Tukafanya vibonge vya karanga na asali. Hivyo havitaki moto, hata mbuzi angeviweza. Kasuku alikula vitatu kabla havijaganda.

Halafu keki ya ndizi. Hapo simu nilimwambia aizime. Mama yetu alikuwa akisema keki mbichi hunong'ona, ikiiva hunyamaza. Nikainamia sufuria, sikio upande. Kasuku alidhani nasali.

Ikanyamaza. Nikafunua. Harufu ile ilitoka ikatembea nyumba nzima kama mbea. Nikaweka ya pili, na nikajua tu kuna mtu mlangoni. Sikugeuka. Nikamtuma Kasuku akanunue chumvi. Akasema chumvi ipo. Nikamwambia nenda kanunue chumvi.

Dada akaingia kimya kimya. Kwenye keki hakufika. Akachukua biskuti, zile zilizoliza meza, akanipa mgongo, akauma.

Kah!

Kitu kikaanguka sakafuni, kikaruka, kikaja mpaka mguuni kwangu. Meno. Safu nzima ya juu, marefu, mapana, kama ya punda aliyefurahi. Nikayaokota. Meno haya nayajua! Yamenichekea mezani kila sikukuu, yakimaliza nyama zangu.

"Dada," nikasema. "Haya ni ya mumeo."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikafikiri sasa atazimia. Badala yake maneno yakaanza kutoka, yamelegea, yanapiga filimbi. Wao wawili walikuwa wakilaza meno kwenye glasi moja bafuni. Siku ya mazishi wanaume waliokuwa wanamvalisha wakapiga kelele kwamba mdomo umebonyea, leteni meno ya mzee. Yeye hakuwa na miwani, macho yamejaa machozi. Akatia mkono kwenye glasi, akatoa yaliyokuja, akawapa. Jioni walipomletea chakula, akatia mdomoni yaliyobaki, ndipo alipojua. Kaburi limeshafunikwa.

"Kazikwa na meno yangu," akasema. "Na mdomo wake ulivyo mkubwa. Yatakuwa yanampwaya."

Haki ya Mungu nilijizuia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema amwambie nani? Akiwaambia wanawe, wawili watataka kufukua na wa tatu atasema mama kachanganyikiwa. Nikamuuliza na uji je, uji unahitaji meno? Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo.

"Mlikuwa mnanikodolea macho nyote kama watu walio kwenye mechi. Nifungue mdomo gani?"

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hapa hata mwosha kadanganywa. Nilipomwambia hivyo, bega lake likatikisika. Nikadhani ni kilio. Halafu akatoa sauti — hii! — na mimi ndiyo nikaisha kabisa. Tulicheka mpaka nikashikilia ukuta. Akasema marehemu kila siku alimwambia una mdomo mdogo lakini unauma, haya, na auvae aone. Keki ya pili ikanyamaza, ikapitiliza, ikaungua. Iungue tu!

Halafu akanishika mkono. Nisimwambie mtu. Hata binti yangu. Nikaapa. Nikamkatia kipande cha keki, kile laini cha katikati, akakileta karibu na mdomo.

Kasuku huyo mlangoni na chumvi yake. Mtandio ukapanda. Keki ikarudi kwenye sahani.

Jumapili, 9 Machi

Naandika chooni. Nimefunga komeo.

Binti yangu hakungoja Jumatatu. Kaja na gari la jirani, limesimama nje, na begi la nguo za dada kashalifunga. Nikamwambia subiri kidogo. Akauliza nasubiri nini, mama, azimie? Nikafungua mdomo. Dada akanitazama. Nikasema tumbo linanivuruga, nikakimbilia huku.

Nikisema, ameaibika, na mimi nimevunja kiapo. Nisiposema, mpira puani, kitanda cha hospitali ile ile. Mdomo wangu huu, ulioropoka ya kila mtu, leo ndiyo umejua kufungwa!

Binti anabisha hodi. Anasema anajua siumwi. Anasema kuna kitu nakificha. Sasa analia, mtu mzima huyu anayechoma watu sindano siku nzima. Anasema mama mkubwa anamfia mkononi na mimi nimejifungia na ndoo.

Ngoja. Kiti kimeburutwa.

Ni dada. Anaongea. Sauti imelegea, inapiga filimbi, kila mtu anaisikia:

"Mwanangu, mwache mama yako, hana kosa. Njoo ukae hapa. Nikatie keki, ile laini. Halafu nikuoneshe mdomo wangu."

Kasuku kasema "eh" na hakuongeza neno. Kasuku!

Nasikia kisu kwenye sahani. Sitoki kwanza. Nikitoka sasa hivi nitacheka, au nitalia, na dada hajameza.