Baraka za Mayu Kwenye Kiitikio

Jumanne jioni, Shinyanga mjini

Na bado wenzangu wa studio wananipongeza!

Wimbo unaitwa "Damu ya Didia", na aliyezaliwa Didia ni mimi peke yangu. Rico, mwenzangu wa kuimba, ni Juma wa duka la vitenge la baba yake hapa mjini, na Kisukuma hajui hata salamu. Ubeti wake ameujaza Kihispania, kwa sababu mdundo ni trap ya Kilatini, na eti huko unakotoka nako watu wanasifia mitaa yao. Haya.

Leo prodyuza, naye mtu wa kuja asiyejua Kisukuma, akasema wimbo haunukii nyumbani. Akataka nimpigie mama simu aongee Kisukuma, chochote kile, turekodi.

"Mayu, shikamoo. Hebu sema neno kuhusu nyumbani."

Mama hakupumua. Akasema kwa Kisukuma kwamba paa la jiko limeondoka na upepo, kwamba mbuzi wa jirani wanakula majani juu ya kaburi la baba, na kwamba mwanawe wa kumzaa anamsikia redioni tu, akijisifia kwao ambako hakanyagi.

Prodyuza alikuwa amefumba macho. "Hii ndiyo sauti ya mababu! Anasemaje?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini yeye na Rico walikuwa wananitazama kama mtu mwenye kwao.

"Anatubariki," nikajibu.

Rico akaomba iwekwe kwenye kila kiitikio.

Ijumaa wimbo unaanza kupigwa redioni. Watu wa Dar watacheza. Watu wa Didia wataelewa kila neno.