Moto Kwenye Foleni ya Jineri

Jumatatu, 6 Julai 1998
Nimekisoma kitabu cha kisanduku kipya mara mbili, kurasa zote. Hapa jineri, mashine za kuchambua pamba ni za kampuni moja, za kufunga marobota za nyingine. Kila upande una mtandao wake na lugha yake. Kisanduku ndicho daraja: kinapokea ujumbe huku, kinautafsiri, kinaupeleka kule. Leo umepita! Meneja Ngeleja anaona kilo za kila robota kwenye kompyuta yake. Anacheka peke yake.

Jumatano, 8 Julai
Nimemulika tochi kwenye jicho la cheche, upande wa kuchambua. Jicho likiona moto, feni ya upande wa marobota lazima isimame. La sivyo pamba inayowaka inavutwa na bomba hadi kwa akina mama wanaoshona marobota. Nikahesabu. Sekunde kumi na moja! Ujumbe wa moto ulipanga foleni darajani, nyuma ya kilo za Ngeleja. Pamba haisubiri hata tatu.
Hili ndilo soko huria lenyewe. Hesabu za tajiri zinatangulia, roho za watu zisubiri zamu.
Nikamtaka Ngeleja azitoe kilo darajani, au nivute waya mmoja wa moja kwa moja hadi kwenye feni. Waya, basi! Akasema nikigusa kisanduku, waranti ya kampuni inakufa, na matajiri Mwanza wanazitaka kilo kila dakika. "Fundi Maganga, ushirika umekufa. Umebaki wewe tu kuuhutubia."

Alhamisi, 9 Julai
Nimezitoa kilo mwenyewe, bila ruhusa. Tochi — feni ikasimama kabla sijatamka moja! Furaha ya nusu saa. Ngeleja akampigia simu fundi wa kampuni aliyekuja kulifunga daraja, akaelekezwa, akazirudisha kilo. Kabati la kisanduku akalitia kufuli. Msimu unafunguliwa kesho.
Jioni nimemfuata Generoza, mdogo wangu. Anashona hatua tano kutoka mdomo wa bomba. Nimemsihi kesho asiingie. Akasema tangu akiwa mtoto ananiona nagombana — na serikali, na padri, na ushirika wenyewe ulipokuwa hai. Arudi kijijini Kimali akawe mzigo wa nani?

Ijumaa, 10 Julai
Saa tatu asubuhi. Nimevunja kufuli, nimekata umeme wa daraja. Bila daraja pande zote mbili zinasimama. Jineri nzima kimya. Nimejifungia chumba cha mitambo, meza nimeisukumia mlangoni. Nataka waya wangu! Ngeleja amenitukana mpaka sauti ikamkauka, akaenda kuita polisi. Aende!

Wanagonga. Si polisi — ni Generoza. Anasema Ngeleja ameita wanawake wengine pale getini wachukue nafasi zao, na wa kwanza kutolewa ni yeye, kwa sababu yangu. Analia. Nyuma yake wenzake wananizomea: "Mzee wa vitabu, toka huko, tufanye kazi!"
"Kaka, fungua."
Meza haijasogea. Waya kwanza.