Landrova ya Baba Imewaka

Jumapili, Ngamiani. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kali, na mikono yangu ina grisi ambayo sabuni ya unga imeshindwa kuitoa. Wala sitaki itoke leo.

Imewaka. Naandika tena kwa raha zangu: landrova imewaka!

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, mie ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na kwa miaka mingi Baba ndiye aliyekuwa akinipeleka Amani kuzigawa, mpaka goti lilipomzidi nikashika usukani mwenyewe. Wiki tatu zilizopita, nikiteremka kutoka huko mlimani, niliigonga kwenye mawe ya ukingo wa barabara. Mimi nilitoka na nundu kwenye paji la uso. Yenyewe taa ya kulia ilivunjika, madigadi ikakunjamana, rejeta ikatoboka, na ncha ya chesisi ikapinda.

Kaka yangu Bakari alipoiona ikivutwa mpaka hapa nyumbani alisema neno moja tu: skrepa. Siku ya pili akawa ameshapata mnunuzi. Baba akasema tungoje mpaka Jumapili ya leo. Ikiwa haijatembea, kesho waje waikate vipande. Akarudi kukaa barazani.

Nikachukua spana zake.

Majirani walicheka, jamani. "Saumu, cherehani na landrova wapi na wapi?" Nikawaacha wacheke. Mchana nashona, alasiri naingia chini ya gari ubavuni mwa nyumba na kanga nimejifunga kiunoni. Chesisi niliivuta kwa jeki na mnyororo uliofungwa kwenye nguzo ya zege, kidogo kidogo, nikipima pande zote mbili kwa futi kamba yangu ya dukani, vilevile ninavyohakikisha mikono ya shati imelingana. Rejeta niliilehemu mara mbili. Mara ya kwanza ilivuja kama pakacha, nikakaa chini nikalia kwa hasira, kisha nikanywa chai nikaanza upya.

Madigadi ndiyo iliyonitia aibu. Nilikata kielelezo kwenye karatasi ya kaki kama ninavyokata gauni, nikakilaza juu ya bati, nikakata. Bati likagoma kukaa mahali pake. Nikalisukuma, nikaligonga nyundo, wapi! Baba akainuka barazani, akaja akichechemea, akalitazama pembeni.

"Umeacha vidole viwili vya mshono," akasema. "Bati halina upindo, mwanangu."

Kweli! Miaka ishirini ya cherehani, mkono wenyewe uliacha nafasi ya mshono bila kuniuliza. Tulicheka mpaka Baba akajishika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajali.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Siku ile ya ajali niliwaambia watu wote kuwa breki zilikataa. Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia hivyo. Breki hizo alizifunga Baba wiki moja kabla, kwa mikono yake, na Baba ujana wake wote ulikuwa ufundi wa malori. Basi watu wakaanza kunong'ona, na Bakari akasema waziwazi kwamba mzee amechoka, asishike tena gari la mtu. Baba alisikia. Mie nilinyamaza.

Ijumaa nilifungua magurudumu ya mbele, Baba amesimama nyuma yangu. Mafuta ya breki hayavuji hata tone. Kila kitu kimekaa alivyokiweka.

Zilikuwa nzima.

Nilingoja aseme kitu. Akasema, "Funga," akaenda zake kuswali.

Leo baada ya adhuhuri nikawasha. Ikakohoa, ikazima. Ikakohoa tena. Ya tatu ikashika, moshi mweusi ukajaa uchochoro mzima, na wale wale waliocheka wakapiga vigelegele. Wallahi nilijiona mkubwa kuliko nyumba. Mimi! Kwa spana za kuazima na futi kamba ya cherehani! Baba akafungua mlango wa upande wa abiria, ambako sijawahi kumwona akikaa maisha yangu yote, akapanda.

"Tia gea."

Tulizunguka mitaa miwili. Alikuwa anasikiliza injini, kichwa kainamisha. Karibu na sokoni sikuweza tena, nikasimamisha gari.

"Baba, nisamehe. Breki hazikukataa. Nilikuwa naokota simu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Breki nimezifunga mwenyewe, nitaachaje kujua? Nilikuwa nakungoja wewe."

Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Sikurudi nyumbani. Niligeuza gari mpaka dukani kwa Bakari, nikalisimamisha mlangoni injini inanguruma, nikashuka. Wateja walikuwapo watano au sita. Nikasema kwa sauti ya kusikika: breki za Baba zilikuwa nzima, aliyekosa ni mimi, niliinama kuokota simu kwenye kona na mvua inanyesha, kisha nikamsingizia. Bakari alinikodolea macho. Akatoka nje, akamshika Baba mkono kupitia dirishani, akasema, "Shikamoo Baba, niwie radhi." Baba akaitikia marahaba, akamwambia ampigie mwenye skrepa asijisumbue kuja.

Sasa nimekaa hapa naandika, na moyo mweupe.

Kuna mzigo wa sare unaongoja kupelekwa Amani, barabara ile ile, kona ile ile. Baba kasema tutoke kesho baada ya alfajiri, na simu yangu atakaa nayo yeye. Nimemuuliza nani ataendesha.

Amenitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Kwani fundi ni nani?"